Gunia la Ushirika

Phares alikuwa amekwisha kuvuka barabara ya Jogoo, sanduku la vyombo begani, kabla Roseline hajamaliza kumfunga Okoth mgongoni. Ikambidi mama wa watu akimbie. Nyuma yake alikuja Adoyo, binti yao wa miaka kumi, amelikumbatia koti la baba yake kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, asije akaliachia likagusa chini. Ulikuwa mwezi wa nane, mwaka wa themanini na nne. Masika yalikuwa yamepita bila tone, na vumbi lilikuwa limewaingia watu mpaka kwenye meno. Nyasi za mtaa wa Kaloleni, zile ambazo kanjo, watu wa baraza la jiji, walizikata kila mwezi enzi hizo kanjo walipokuwa bado kanjo, zilikuwa zimekauka zikawa rangi ya ganda la mkate.

"Tembea, nyar Alego," Phares alisema bila kugeuka, akimwita mkewe kwa jina la kwao. "Basi halingoji mtu anayeomba."

"Siombi. Nafunga mtoto."

"Nimeona midomo ikicheza."

Ni kweli alikuwa akiomba. Phares hakuwa ameokoka, wala hakujifanya. Alivuta sigara zake mbili kwa siku, Jumapili alisikiliza mpira kwenye redio ya jirani, na mkewe alipoomba kabla ya kula yeye alivua kofia na kungoja kwa adabu, kama mtu aliyesimama kwenye mlango wa nyumba isiyo yake.

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Miaka tisa king'ora cha karakana za reli kilimwamsha, akapanda baiskeli mpaka Baba Dogo kwenye kiwanda cha misumari, na jioni akarudi macho mekundu kama ya mlevi ilhali pombe hakuijua. Mwezi wa saba meneja aliwapanga watu thelathini kando ya ukuta, akawashukuru kwa utumishi wao, akawaambia chuma hakiji tena. Baiskeli ikauzwa. Kisha binamu akaandika kutoka Magharibi kwamba kiwanda cha sukari cha huko kinatafuta watu wa kuchomelea, lakini yafaa mtu afike mwenyewe, mikono yake ionekane.

Pale stendi ya Machakos, hapohapo Nairobi, kijana wa basi alitaka kulirusha sanduku juu ya paa. Phares akamnyang'anya, akapanda ngazi mwenyewe, akalifunga kwa kamba yake mwenyewe, mafundo matatu. Aliposhuka alilivaa koti ingawa jua lilikuwa kali, maana mtu asafiriye bila koti huonekana amefukuzwa. Akamwambia Roseline kwamba mwezi ukiisha atatuma mani oda kwa sanduku la posta la shule ya Adoyo, kama watu wote wa mtaa walivyofanya siku hizo. Nyumbani alikuwa ameacha nusu debe ya unga, na pesa za mafuta ya taa na mboga za wiki tatu, asipougua mtu.

"Wewe muombe huyo wako," alisema. "Mimi nitaomba kwa mikono."

"Hata hiyo mikono ni yake."

Phares akacheka, akamshika Okoth shavu, akaingia. Adoyo alilitazama basi mpaka likapotea, halafu akauliza kama baba amebeba kitu cha kula njiani. Roseline akasema amebeba. Hakuwa amebeba.

Mwezi ukaisha. Mwalimu mkuu alisoma majina ya wenye barua pale gwaride la asubuhi, na jina la Odero, la ukoo wa Phares, halikusomwa. Wiki iliyofuata halikusomwa. Adoyo akawa anasimama mstari wa mbele ili asikie vizuri, kana kwamba taabu ilikuwa ya masikio.

Waliishi chumba kimoja katika nyumba ya kanjo yenye vyumba viwili na jiko la pamoja huko nje. Chumba cha pili alikaa Teresiah, mama Njogu kwa majirani, mjane kutoka Murang'a aliyeuza mboga ya sukuma Eastleigh kwenye First Avenue. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia mbuzi. Walikuwa wakipika bega kwa bega mwaka wa sita sasa, na hawakuwa wamegombana hata siku moja, jambo ambalo si lazima liwe upendo. Wote wawili walikuwa watu wa Ushirika.

Asiyewajua watu wa Ushirika wa miaka ile hatakielewa kisa hiki. Walikutana Alhamisi saa tisa kwa Mzee Laban Gachanja, karani mstaafu wa reli, mabenchi yamejaa mpaka uani. Huko kila mtu aliweka nuruni yaliyomo moyoni mwake. Ukimchukia jirani, unasimama unasema, naye jirani amekaa papo hapo. Palikuwa na mama aliyewahi kusimama akalia kwa sababu ya kitunguu kimoja alichokiokota sokoni miaka kumi nyuma. Watu hawakumcheka. Waliimba, wakamkumbatia, na wiki iliyofuata yeye na kitunguu chake wakawa wamesahauliwa. Ukitembea Kaloleni Alhamisi jioni uliusikia wimbo huo mpaka kwenye ukumbi wa mtaa, na hata walevi walipita wakinong'ona.

Sasa mwaka ule alikuwa amepita mhubiri mgeni, kijana mwenye suti, akawafundisha jambo jipya. Alisema aombaye amshukuru Mungu kabla ya kupokea, atoe ushuhuda kama aliyekwisha kupewa, kwa sababu kusema "sina" ni kumpiga Mungu kofi. Mzee Laban alisikiliza akiwa amefumba macho, asikubali wala asikatae. Wengine walilipokea neno hilo kama maji ya baridi.

Alhamisi moja ya mwezi wa tisa Roseline alisimama. Nusu debe ilikuwa imebaki konzi mbili tatu tu. Alikuwa amejipanga njiani: atasema mume hajaandika, atasema watoto wamekunywa uji tu tangu Jumatatu. Lakini aliposimama aliwaona watu wote wamemgeukia, na Teresiah ameinamisha kichwa upande kama anayepima mizani ya mwenziwe sokoni. Yale maneno ya njiani yakamkauka. Badala yake akasikia sauti yake mwenyewe ikisema:

"Bwana asifiwe. Mume wangu yuko mbali, lakini Bwana amenipa. Nyumbani kwangu hakuna upungufu."

Wakaitika, wakaimba. Roseline akaketi, akijiambia kwamba hajasema uongo, amesema kwa imani, na kufikia Jumamosi itakuwa kweli.

Haikufika hata Jumamosi. Wimbo ulipokwisha, Mzee Laban alieleza kwamba ndugu wa makanisa ya mjini wamechangia gunia la unga kwa ajili ya wenye njaa wa mtaa: wajane wawili wa upande wa soko, na dada Beldina, ambaye mumewe alikuwa amelala kitandani mwaka mzima. Gunia lingegawiwa kila Jumamosi, kipimo kimoja kwa kila nyumba. Lilihitaji mahali pa kukaa. Akafikiri kidogo, akiyasugua magoti yake.

"Unga haulindwi na mwenye njaa," alisema. "Tusimjaribu mtu bure. Dada Roseline ameshuhudia kwamba kwake hakuna upungufu. Gunia liende kwake."

Likaja kwa mkokoteni siku hiyohiyo, wanaume wawili wakilishika pande zote. Wakaliegemeza ukutani kati ya kitanda na kabati, na chumba kikawa kidogo. Ulikuwa unga wa njano, wa mahindi yale ya msaada yaliyotoka ng'ambo. Wazee wa Kaloleni waliobaki bado huukumbuka mwaka ule kwa rangi ya ugali. Watu waliutukana unga huo, wakasema unanuka meli, wakasema ni wa kulisha farasi, na wakaula wakatafuta mwingine.

Adoyo alilizunguka gunia, akaweka kiganja juu yake.

"Baba ametuma?"

"Si letu. Ni la Ushirika. Usiliguse."

Msichana akaondoa mkono. Hakuuliza tena, na Roseline angependa aulize.

Siku zilizofuata zilikuwa na ustadi wake. Mchana Roseline aliwasha jiko kama kawaida, akateleka sufuria ya maji, akaifunika, akaiacha ichemke mpaka kifuniko kicheze. Teresiah aliporudi kutoka Eastleigh alimkuta ameinama juu ya mvuke, mwiko mkononi. Watoto walikunywa uji mwepesi, halafu mwepesi zaidi. Mashina ya sukuma ambayo Teresiah aliyatupa, Roseline aliyaokota Teresiah akiwa ameingia ndani, akayakatakata madogo sana. Shuleni walikuwa wakipewa maziwa ya Nyayo, zile pakiti za pembe tatu ambazo watoto wa miaka ile wote wanazikumbuka. Adoyo alikuwa hanywi yake. Alikuja nayo nyumbani chini ya sweta, imepata joto la tumbo lake, akampa Okoth.

Roseline aliomba. Asiyekuwa mwombaji atadhani alikuwa mwanamke mpumbavu aliyekaa tu akingoja manna. Sivyo. Alifua nguo za watu mpaka watu wenyewe wakawa hawana cha kumlipa. Alikwenda Makadara kuulizia kibarua cha kuchambua kahawa, akakuta foleni ya wanawake imezunguka ukuta. Kila aliporudi, alipiga magoti kando ya kitanda, na alipofungua macho alichokiona kwanza ni gunia. Alijaribu kugeukia upande wa pili. Huko kulikuwa na mlango, na Okoth ameketi kizingitini akilamba kifuniko cha mkebe mtupu.

Jumamosi ya pili Beldina alikuja na karai lake. Alikuwa Mmaragoli mfupi, mwenye maneno mengi na aibu kidogo, na njaa ilikuwa imemnoa ulimi. Wajane wawili walikuwa wamechukua vipimo vyao wakaenda. Roseline alijaza unga kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, akausawazisha kwa kiganja, akaumimina karaini.

"Huo haujajaa," Beldina akasema.

"Umejaa, dada. Nimesawazisha."

"Tingisha uone. Unga ukitingishwa unashuka."

Roseline akachota tena, akatingisha, unga ukashuka kidole kimoja. Akaongeza.

"Unaona? Lakini sikulaumu," Beldina alisema akijitwisha. "Mtu aliyeshiba hawezi kujua kidole kimoja ni nini."

Unga kidogo ulikuwa umemwagika sakafuni. Roseline alimsindikiza Beldina mpaka uani kwa sababu ndivyo mgeni anavyoondoka, akamwambia Adoyo afagie, kisha akaenda bombani kuteka maji. Foleni ya bomba ilikuwa ndefu. Alikaa huko kiasi cha saa nzima, akiwasikiliza wanawake wakilaumu serikali, mvua na waume, na yeye akitikisa kichwa panapostahili.

Aliporudi alimkuta Adoyo jikoni, amechutama, anakoroga kitu ndani ya kikombe cha bati kilichowekwa juu ya makaa. Kilikuwa rangi ya njano iliyochafuka. Mchanga ulikuwa ukionekana, na unywele mmoja. Okoth alikuwa amekaa karibu, kijiko tayari mkononi.

Roseline akatua ndoo. Msichana akamwona, akainuka haraka, akasimama mbele ya kikombe.

"Hii si ya gunia, mama," alisema. "Sikufungua gunia. Hii ni ya sakafu."

Roseline alikitazama kikombe. Adoyo akadhani hajaaminiwa, akaongeza kwamba alifagia kwanza kwa ufagio, halafu akakusanya kwa mkono, na kama mama anataka aende aangalie kamba ya gunia, fundo liko vilevile.

"Nimekuamini," Roseline alisema. "Mwaga."

"Ni ya Okoth."

"Nimesema mwaga."

Kisha akaingia chumbani. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, redio ya mtu ikitangaza salamu za wagonjwa. Alifungua gunia kwa mikono yake yote miwili, bila kujificha na bila kuomba, akachota mikebe miwili. Akarudi jikoni akachochea makaa, akateleka maji ambayo safari hii yalikuwa na kazi, akasonga ugali mkubwa kama ule aliokuwa akisonga Phares alipokuwa kazini. Mboga haikuwapo. Aliuandaa kwa chumvi na maji moto, wakala watatu kutoka sahani moja. Okoth alikula mpaka akalala na tonge mkononi. Adoyo alikula polepole akimtazama mama yake, naye mama yake alikula akitazama sahani.

Hapo ndipo Teresiah alipoingia uani, kapu tupu kichwani. Akauona ugali. Akalishusha kapu.

"Leo umepika," alisema.

"Nimepika."

Teresiah akaingia kwake, akafunga mlango.

Tangu Jumamosi hiyo mpaka Alhamisi Roseline aliwalisha watoto kutoka gunia, mara moja kwa siku. Hakuteleka tena sufuria ya maji matupu. Alipita mlangoni kwa Teresiah akamsalimu, akaitikiwa. Alipokutana na Mzee Laban karibu na maktaba ya mtaa, mzee akamuuliza hali ya unga, akajibu kwamba atasema Alhamisi. Mzee akamtazama, akasema haya.

Alijua itakavyokuwa. Palikuwa na ndugu mmoja aliyekula sadaka mwaka wa themanini na moja. Hakufukuzwa, la, Ushirika haukumfukuza mtu. Ila alipokuja, benchi lilijaa kabla hajaketi, na mwishowe akaacha kuja. Roseline hakuwa na baba mjini wala kaka. Watu hao ndio aliokuwa nao. Ndio waliomzika mtoto wake wa kwanza, wakachimba kaburi kwa zamu huku mvua ikiwanyeshea. Ndio waliomfundisha kusoma, mstari kwa mstari, kidole juu ya Biblia. Kama wangemgeuzia uso, mji wote wa Nairobi ungekuwa stendi ya basi tu.

Alhamisi akaenda. Alimfunga Okoth mgongoni, akavaa kitambaa chake cheupe, akaketi karibu na mlango. Walipofika kwenye ushuhuda hakungoja mwingine atangulie.

"Bwana asifiwe," alisema. "Nimekula unga wa Ushirika. Mimi na watoto wangu, tangu Jumamosi, mikebe saba. Lakini hilo si la kwanza. La kwanza nililitenda hapahapa. Nilisema Bwana amenipa, na hakuwa amenipa. Nilikuwa sina kitu. Niliona haya kuwaambia, nikamsemea Mungu neno ambalo yeye hajasema. Ninyi mkaamini. Mkaniletea gunia la wenye njaa nililinde, na mimi nilikuwa mmoja wao."

Akataka kuendelea, akashindwa. Hakuketi. Huko nje mtoto wa mtu alikuwa akipiga tairi kwa kijiti, likienda na kurudi.

Ndugu mmoja kijana, fundi cherehani aliyempenda sana yule mhubiri wa suti, alisema hapana, dada hakukosea mwanzoni, alikiri kwa imani kama walivyofundishwa. Kosa lake ni kukosa subira, pengine jibu lilikuwa njiani. Beldina akamkatiza. Akauliza kwa ukali jibu lilikuwa njiani kwa miguu ya nani, na watoto wale wangelingoja kwa meno gani. Halafu akajifunika uso kwa leso. "Na mimi nilimwambia ameshiba," alisema ndani ya leso. "Nikamtingishia mkebe."

Teresiah akasimama. Roseline aliinamisha kichwa, maana hilo ndilo alilokuwa akilingoja.

"Mimi nilijua," Teresiah alisema. Ile sauti ya kuitia mbuzi ilikuwa imemwisha. "Tunapika jiko moja. Ugali una harufu, hata maharage yana harufu. Sufuria ya mama Adoyo ilitoa mvuke mtupu zaidi ya wiki nzima. Nilikuwa narudi na majani yaliyobaki kapuni, nayatupa mahali ambapo nilijua atayaokota. Nilikuwa naweza kumgongea mlango. Nikasema, wacha aniombe. Anajifanya hana upungufu, wacha aniombe kwanza." Akamgeukia Roseline. "Mama Adoyo, mashina yale nilikuwa nayaacha marefu kwa ajili yako. Nilidhani huo ni upendo. Haukuwa."

Roseline akamtazama kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyeimba. Kwa kawaida mtu akikiri huimbiwa, lakini siku hiyo hakuna aliyeanzisha, kwa sababu kila mmoja alikuwa akiangalia miguu yake.

Mzee Laban aliondoa miwani. Alikuwa mtu wa kuandika maneno kichwani kabla hajayatoa, kazi ya reli ilimzoeza.

"Nilipeleka gunia kwake bila kuuliza amekula nini," alisema. "Hilo ni langu. Nililiona shati la mtoto limemwanguka mabega, nikasema watoto hukonda wakati wa jua." Akamgeukia yule fundi. "Ndugu, Bwana alitufundisha kuomba riziki ya kila siku. Anayeomba amekubali kwamba hana. Ukifika na kusema tayari ninayo, unaomba nini? Dada alitufungia mlango kwa ushuhuda mzuri, na sisi tukafurahi ukafungwa, kwa sababu tulikuwa na gunia moja tu."

Mtu mmoja nyuma akauliza gunia sasa lipelekwe wapi.

"Libaki lilipo."

"Kwa yeye aliyelila?"

"Alikaa nalo chumba kimoja na watoto wenye njaa siku tisa," Mzee Laban alisema. "Nani mwingine hapa ana siku tisa?"

Hakuna aliyeinua mkono. Akaamua kwamba tangu siku hiyo nyumba zingekuwa nne badala ya tatu, na kwamba kipimo cha Roseline atakipima Beldina, ili asijipimie mtu mwenyewe. Ile mikebe saba haikutajwa tena. Ndipo mama wa kitunguu akaanzisha wimbo, na wakaimba vibaya, kila mtu kwa sauti yake.

Njiani kurudi, Teresiah alitembea hatua mbili mbele, kapu kichwani. Walipofika uani akaingia kwake, akatoka na fungu la sukuma zima, majani na mashina yake, akaliweka juu ya meza ya jiko la pamoja.

"Sikuombi uniombe," alisema.

"Naomba mafuta pia," Roseline akasema. "Kijiko kimoja."

Teresiah akacheka kwa pua, akaenda kuleta. Tangu siku hiyo waligombana mara kwa mara.

Gunia lilidumu mpaka katikati ya mwezi wa kumi, likafuatwa na nusu nyingine. Mvua ya vuli ilianza wiki hiyohiyo lilipokwisha, na ilinyesha vizuri. Mani oda ya Phares ilifika mwezi wa kumi na moja. Alikuwa amelala hospitali ya misheni kwa malaria wiki tano, na kiwanda kilimwandika kazi baada ya hapo. Alifanya misimu miwili ya miwa, akarudi Nairobi, akapata kazi katika karakana ndogo Baba Dogo, akakaa nayo mpaka mwaka wa tisini na mbili. Hakuokoka. Alifariki kwao, akazikwa na watu wa Ushirika waliosafiri usiku kucha, ingawa hakuwa wao.

Mzee Laban alikufa mwaka wa themanini na sita, na Alhamisi zikahamia nyumba nyingine. Yule mhubiri wa suti alikwenda kusoma ng'ambo, hakurudi. Yule fundi cherehani akafungua kanisa lake mwenyewe Dandora. Mume wa Beldina aliinuka kitandani, akaishi miaka kumi zaidi, wakarudi Maragoli kulima chai. Teresiah aliacha sukuma akauza mitumba Gikomba, akajenga nyumba ya mawe kwao Murang'a, na anaishi humo, macho yamepungua. Okoth ni dereva wa lori la mizigo, njia ya Kampala. Adoyo alisoma ualimu, akafundisha Eastleigh, na sasa amestaafu mapema. Roseline anaishi naye Tassia, ghorofa ya tatu, na hutoka mara moja kwa wiki, siku ya Alhamisi.